Dodoso Halimgeuzi Mgonjwa

Ingia maktaba ya chuo chochote cha uuguzi, nenda kwenye rafu ya tasnifu, vuta tano bila kuchagua. Sitashangaa tatu kati yake zikianza hivi: "Maarifa, mitazamo na mazoea ya wauguzi kuhusu..." Mbele ya hapo unajaza upendavyo: kunawa mikono, partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), maumivu ya watoto, kuchoma sindano salama.

Ya kwangu nayo imo humo. Niliwagawia wauguzi wenzangu dodoso la kurasa nne kuhusu vidonda vya kulalia, vile vinavyompata mgonjwa aliyelala upande mmoja muda mrefu. Wengi walipata alama nzuri, nikaandika kwamba maarifa yao yanaridhisha, nikapendekeza semina (tunapenda sana semina), nikavaa joho. Wodi ileile, wiki ileile, alikuwepo mzee wa kiharusi ambaye kidonda chake cha kiunoni kilikuwa kimefika mfupani. Katika tasnifu yangu hana hata mstari mmoja. Hakuwemo kwenye sampuli, kwa sababu sampuli ilikuwa sisi wenyewe.

Huo ndio ugomvi wangu na utafiti wa wauguzi hapa kwetu Tanzania. Tunajihoji sana. Tunaulizana tunajua nini, tunajibiana vizuri, kisha tunashangaa mbona wagonjwa hawaponi kwa majibu yetu.

Haya si maradhi yetu peke yetu. Marekani, ambako jarida la kwanza la utafiti wa uuguzi lilianza mwaka 1952, kwa muda mrefu walichunguza zaidi wauguzi kuliko wagonjwa: wanafunzwaje, wanatumiaje muda wao, kwa nini wanaacha kazi. Ilipofika 1975, muuguzi mtafiti Carol Lindeman alichapisha matokeo ya kuwauliza wataalamu, awamu kwa awamu, ni maswali gani yanayomhusu mgonjwa kitandani yapewe kipaumbele. Wenzetu walihama polepole. Sisi tumekaa pale pale tulipopokelea kijiti.

Lakini kwa vidonda vya kulalia mfano ninaoupenda ni wa Uingereza. Doreen Norton alikuwa muuguzi wa wazee. Enzi zake kila sista wa wodi alikuwa na dawa yake ya kusugua ngozi ya mgonjwa, huyu spiriti, yule sabuni, mwingine krimu, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo kiboko. Norton na wenzake hawakuuliza nani anajua nini. Waliwafuatilia wazee wenyewe, na ripoti yao ya 1962 ikaonyesha kwamba kilichosaidia ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, wala si kile kilichomo kwenye chupa. Humo humo mkazaliwa kipimo chenye jina lake: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na uwezo wa kuzuia haja. Kila kimoja alama moja hadi nne, jumla ishirini, na mwenye 14 kushuka chini yuko hatarini. Hakihitaji umeme wala maabara, ni kalamu na macho tu. Nilikikariri kwa ajili ya mtihani, na sikukumbuka kukitumia kwa yule mzee.

Swali la Norton lilianzia mwilini mwa mgonjwa. Linda Aiken, naye muuguzi, aliuliza swali la aina hiyo hiyo kwa upana mkubwa zaidi. Utafiti aliouongoza na kuuchapisha mwaka 2014 ulitazama hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya na wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Mgonjwa mmoja tu! Nikisoma takwimu hiyo huwa namfikiria muuguzi wetu wa zamu ya usiku aliyeachiwa wodi nzima na mwanafunzi mmoja wa kumshikia tochi. Namba yake yeye ni ipi? Hesabu za Ulaya haziwezi kunyooshwa tu kama mpira hadi zifike huku. Lazima zipigwe huku.

Na inawezekana. Jirani zetu wa Nairobi walishafanya jambo karibu na hilo katika wodi za watoto wachanga. Waliweka watu wa kukaa na kutazama: mtoto huyu amepimwa joto? Amelishwa kwa saa yake? Dripu yake imeangaliwa? Wakatia alama lililofanyika na lililoachwa. Yaliyoachwa hayakuwa machache, hasa kwenye hospitali za umma ambako muuguzi mmoja ana watoto wengi kupita kiasi. Hapo hakuna wa kusingizia maarifa. Muuguzi anajua fika kwamba mtoto alishwe, ila mikono yake ni miwili.

Watu wataniambia utafiti wa namna hiyo ni wa wakubwa, una fedha za nje. Kweli, mara nyingi. Ila hebu tazama lile jaribio la njia ya kangaruu lililochapishwa mwaka 2021, lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwetu likafanyikia Muhimbili. Swali lake lilikuwa rahisi kiasi cha kuonekana la kipuuzi: je, mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kati ya kilo moja na 1.8, awekwe kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, au tusubiri kwanza hali yake itulie kama tulivyozoea? Waliowekwa kifuani mapema walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa, asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana. Nami nasema swali hilo ni la uuguzi mtupu. Mama alale wapi? Kitanda chake kiingie vipi kwenye chumba ambacho miaka yote tumekuwa tukimzuia mlangoni? Nani amfunge mtoto, nani amwangalie? Muuguzi yeyote wa wodi ya watoto angeweza kuliuliza miaka ishirini nyuma. Wengine, naamini, waliliuliza, kwenye chai ya saa nne, likaishia kwenye vikombe.

Kuna jambo jingine dodoso linatudanganya. Miaka kadhaa iliyopita mkoani Tanga, akina mama waliojifungua waliulizwa kama walidharauliwa au kunyanyaswa na wahudumu. Walipoulizwa wakati wa kuondoka kituoni, karibu asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakawa asilimia 28. Sasa mimi, nikiwa na sare nyeupe na beji, nikimuuliza mama aliyelala wodini kwangu kama sisi wauguzi tunamheshimu, unatarajia anijibu nini? "Mnatuhudumia vizuri, sista." Kesho atahitaji nimfungulie kanula.

Halafu lugha. Tunachukua dodoso la Kiingereza, tunalipitisha haraka kwenye Kiswahili, tunaliita limethibitishwa. Mwambie bibi wa Handeni akupe maumivu yake kwa namba, sifuri hadi kumi. Atakuangalia, atasema, "Yanauma tu, mwanangu." Ukimuuliza kama maumivu yanamzuia kulala, au yanamfanya ashindwe kushika kijiko, hapo atakueleza hadi usiku uingie. Kutengeneza kipimo cha maumivu kilichozaliwa katika Kiswahili, si kilichotafsiriwa, ni kazi ya miaka na kwangu inastahili fedha kuliko semina zote nilizowahi kupendekeza.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, maana ni hadithi ya zamani: mwenye kulipa mpiga ngoma ndiye anayechagua wimbo. Hata Marekani, ambako uuguzi una taasisi yake ya utafiti tangu 1986, taasisi hiyo hupata chini ya dola milioni 200 kwa mwaka ndani ya mfuko wa taasisi zao za taifa za afya (NIH) wa zaidi ya bilioni 40, na mwaka 2025 serikali yao ilipendekeza ifutwe kabisa. Kwa hiyo tusisubiri mfuko unone ndipo tuanze kuhesabu. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa kwa heshima ya taa ya Florence Nightingale. Ila mama yule aliingia chama cha wanatakwimu cha Uingereza mwaka 1858, mwanamke wa kwanza, kwa sababu ya daftari lake la vifo, si kwa sababu ya taa.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliye mazoezini alinifuata na karatasi. "Sista, naomba unisaidie kichwa cha utafiti." Kwenye karatasi alishaandika: maarifa, mitazamo na mazoea. Nilimrudishia. Nikamwambia kesho ana zamu ya usiku wodi ya wanaume. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, akimaliza kazi zake, akae tu atazame nani anamgusa nani.

Alikuja asubuhi macho mekundu, karatasi tupu.

"Sista, yule mgonjwa wa kitanda cha nne aligeuzwa mara mbili."

Nikamuuliza na nani, kwa kuwa ripoti ya usiku ilikuwa imeandika tu "wagonjwa wamelala vizuri."

"Mjukuu wa yule mzee wa kitanda cha tano. Alikuwa anamgeuza babu yake, akaona na huyu naye amelala upande mmoja tangu jioni."