Heshima ya Kupiga Kwanza

Ndugu zangu, foleni nazijua. Nimepanga foleni ya maji kwa ndoo, ya mafuta ya taa kwa dumu, na ya zahanati kwa jiwe. Unaliweka likushikie nafasi, unakwenda kunywa chai, ukirudi unakuta jiwe limekaribia kutibiwa na wewe unaambiwa uanze nyuma. Kwa hiyo nilipoambiwa Jumamosi tunakwenda kwenye gofu, mchezo ambao watu wanne wazima wanasubiriana zamu ya kupiga mpira, nikasema huko sitaaibika.

Nilikwenda kuziba pengo. Mhasibu Mkuu alishikwa na mgongo Alhamisi mchana, dakika chache baada ya kusikia amepangwa kundi moja na Mkurugenzi. Nikampa pole kwa moyo mweupe kabisa. Leo ndiyo namwelewa.

Uwanja wenyewe siutaji, kazi bado naihitaji. Sharti la kwanza: shati la kola, lichomekewe, na jinzi ikae nyumbani. Shati la kola nilikuwa nalo moja, sare ya harusi ya binamu yangu, zambarau iliyokolea. Nikasimama kwenye yale majani kama biringanya iliyodondoka kwenye kapu la mchicha.

Nikakabidhiwa kedi, yaani mtu wa kukubebea mfuko wa fimbo na kukuongoza. Nilitegemea kijana. Akaja mzee wa rika la marehemu baba yangu. "Shikamoo." "Marahaba, lete mfuko." Nikaukumbatia. Mzee abebe, mimi nitembee nikining'iniza mikono? Mama akisikia si ataniita kikao cha ukoo! Mzee akanitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, ukibeba wewe, jioni mimi nitakula nini?" Nikauachia. Fimbo zinaruhusiwa zisizidi 14. Mimi fimbo nilizozoea ni moja tu, ile ya mwalimu wa zamu.

Basi tukafika pale pa kuanzia, wenyewe wanapaita tii. Nikarudi nyuma hatua tatu, mikono mbele, kama nilivyolelewa: mkubwa ananawa kwanza, mkubwa anakula kwanza, na mkubwa atapiga kwanza. Kumbe sivyo. Yule mzee alichukua kijiti cha kuwekea mpira, akakirusha juu, kikaanguka ncha ikielekea kwangu. "Wewe utaanza."

"Hapana mzee, Mkurugenzi atangulie."

"Hapa haulizwi mshahara. Kijiti kimesema."

Nikaweka mpira juu ya kijiti, kati ya zile alama mbili. Nikaisogeza fimbo nyuma ya mpira nipime tu, ikaugusa, mpira ukadondoka. Mama wa Manunuzi akapaza sauti, "Moja hiyo!" Mzee akakataa. Sijanuia kuupiga, na mpira ulikuwa haujaingia mchezoni, kwa hiyo hauhesabiwi, niuokote nirudishe. Nikashangaa. Kumbe gofu nayo haisihi bila nia, kama udhu! Nikanuia. Nikavuta fimbo mpaka mgongo ukalia, nikashusha kwa nguvu zote, nikapiga upepo. Mpira uko palepale unanitazama. Nikasema, "Huo nao hauhesabiwi." Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Huo ulinuia."

Sasa ukishamaliza kupiga ndipo mateso yanapoanza, maana kazi iliyobaki ni kusimama. Nilidhani kusimama najua. Nikasimama nyuma ya mpira wa Mkurugenzi ili nione unakokwenda, nikafukuzwa. Nikasimama mbele, nikafukuzwa kwa sababu za kiafya. Nikasimama ubavuni, kimya, nimebana hata pumzi, bado yule bwana wa Bima akaninong'oneza, "Kivuli chako." Nikatazama chini, nikakuta kivuli changu kimelala juu ya mpira wa Mkurugenzi kama mlevi. Nimejifunza adabu mimi mwenyewe miaka 40, kivuli sikuwahi kukifikiria. Nikakihamisha. Mkurugenzi akainua fimbo, akafika juu kabisa, na simu yangu ikalia qaswida ya maulidi. Mke wangu. LUKU imekata.

Hayo yote nayasamehe. Kilichoniondolea usingizi ni shimo la tatu.

Kwanza muelewe kanuni. Mnautumbukiza mpira shimo baada ya shimo, na mwenye mikwaju michache ndiye bora. Kwenye shimo la kwanza mnapangwa au mnapiga kura. Kuanzia la pili, aliyemaliza shimo lililopita kwa mikwaju michache ndiye anayepiga kwanza kwenye tii, na haki hiyo wanaiita heshima. Mkilingana, mnafuata utaratibu uleule wa nyuma. Basi, umri hauulizwi wala gari ulilokujia. Halafu mkishatoka kwenye tii mambo yanapinduka: aliye mbali zaidi na shimo ndiye anayetangulia. Hapo nilipapenda. Nimeishi Mbagala maisha yangu yote nikiwa mbali na kila kitu, sijawahi kutanguliza hata mguu. Gofu inaniambia wewe uliye nyuma kuliko wote, karibu, anza. Kwa namna nilivyokuwa nacheza, nilitangulia saa nzima.

Pili muelewe kwamba kadi yako ya kuhesabia mikwaju huandiki mwenyewe, unaandikiwa na mwenzako. Na mimi, karani wa hesabu, nilipewa kadi ya Mkurugenzi.

Shimo la tatu nilibahatika. Mpira wangu uligonga mwembe, ukarudi katikati ya uwanja wenyewe bila kuombwa. Nikamaliza kwa mikwaju saba. Mkurugenzi yeye alianza kwa kuupeleka majanini. Tukaingia wanne kuutafuta, na muda ni dakika tatu tu, zamani zilikuwa tano. Mama wa Manunuzi akauona dakika ya mwisho, akajuta kuuona. Mkwaju wa pili ukatoka majanini ukatumbukia kwenye shimo la mchanga. Wa tatu, vumbi. Wa nne, vumbi. Wa tano, vumbi na neno ambalo siliandiki hapa. Wa sita ukatoka, ukavuka bendera ya shimo, ukaenda upande wa pili. Wa saba ukarudi karibu na shimo, wa nane ukalipita, wa tisa ukaingia. Nilihesabu kwa vidole, mkono ndani ya mfuko wa suruali, maana kuhesabu bosi hadharani ni utovu wa nidhamu.

Akafuta jasho akasema, "Sita. Si mbaya."

Ile mitatu ya mchangani ameiweka kwenye matumizi mengineyo.

Sasa nisaidieni. Nikiandika sita, yeye ametangulia. Nikiandika tisa, heshima ni yangu, mimi wa daraja la chini, niende mbele yake nichomeke kijiti. Nilikuwa bado naitafuta kalamu, nikamwona tayari yuko tii, kijiti kimechomekwa, anapima upepo.

Mzee akakohoa. Mkurugenzi akasema bila kugeuka, "Siku hizi aliye tayari anapiga."

Na ni kweli, ndiyo inauma. Sheria zilipoandikwa upya mwaka 2019, katika mchezo wa kuhesabu mikwaju iliruhusiwa aliye tayari apige ili watu wasilale uwanjani. Adhabu haipo, isipokuwa mkikubaliana kupishana ili mmoja apate faida. Nikamuuliza mzee taratibu, ina maana hakuna la kufanya? Akasema tungekuwa tunacheza mtu kwa mtu, ningekuwa na haki ya kuufuta mkwaju wake palepale na kumwambia arudie. Nikajaribu kujiona nikimwambia, "Mkurugenzi, rudia." Nikaona na barua ya Jumatatu, pamoja na nakala kwa mkuu wa idara.

Kuanzia hapo yeye alikuwa tayari kila tii. Sijapata kuona mtu aliye tayari vile. Hundi zetu za kusainiwa zinakaa mezani kwake wiki mbili, lakini kwenye tii alikuwa tayari kabla sijamaliza kuokota mpira shimoni.

Kwenye kadi sikuwa nimeandika kitu. Nilijua naweza kuandika kwa risasi halafu nikafuta, mpaka nilipoitazama ile kalamu vizuri. Kalamu ya gofu ni fupi kama kidole gumba, na haina kifutio. Walioitengeneza walimjua binadamu.

Tukamaliza mashimo tisa. Kadi inasainiwa na watu wawili, mwandikaji na mwandikiwa, na ukirudisha kadi yenye mikwaju pungufu kwa shimo lolote unaondolewa mashindanoni. Mkurugenzi akanisogelea, akaniwekea mkono begani. "Karani, shimo la tatu umeandika ngapi?"

Nikaandika palepale. Duara moja safi na mkia wake, bila mstari chini, kwenye karatasi ndogo ambayo mimi nilikuwa nimeishika hivi na yeye akaitazama kutokea kule. Akatabasamu, akasaini. Nami nikasaini.

"Jumla je?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoipenda gofu kwa dhati. Kujumlisha si kazi ya mchezaji, ni kazi ya kamati. Miaka 15 ya uhasibu, hii ndiyo siku ya kwanza kuna mtu mwingine wa kubeba jumla.

Nikaipeleka kadi mezani. Mama wa kamati akavaa miwani, akapita la kwanza, la pili, akafika la tatu. Akaigeuza kadi. Akaigeuza tena. Akavua miwani, akaniita niende karibu.

Nikamwambia mzee wa mfuko atangulie, yeye ndiye alikuwa mbali zaidi.