Nani Kanituma Kutunga Maswali?

Jamani, nani kanituma kuwatungia vijana wa hapa Kigoma maswali ya programu, kila mmoja ajibu kwa lugha yake ya kompyuta (Java, Python au C)? Nimeuliza kitu chepesi: gawanya -7 kwa 2, nipe namba nzima. Wa Java, inayokata tu desimali, kaleta -3. Wa Python, na // yake (alama ya kugawanya inayoshuka hadi namba nzima ya chini), kaleta -4. Wote wananikazia macho kama nimewadhulumu dagaa! Haya, nikabadili: faktoria ya 25 (1 × 2 × 3, hivyo hivyo hadi 25). Wa Python kamaliza chai haijapoa. Wa C? Namba imezidi nafasi iliyotengewa, imefurika kama Ziwa Tanganyika, kabaki na takataka. "Mwalimu, swali lako baya!" Baya vipi? Nikiandika masharti yote ya kila lugha, swali linakuwa refu kuliko reli ya Dar, nani atasoma? Enyi mliowahi kutunga, mnalalaje?