Msiwacheke wenye Word ya 2003

Kijana aliyetoka chuo akiingia steshenari pale Mwanga, Kigoma, akamkuta mchapaji anatumia Word 2003, kwanza atacheka. Halafu atashauri: futeni hiyo, wekeni mpya. Hoja anayo. Microsoft iliacha kuihudumia Office 2003, kifurushi chenye Word hiyo, tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo tundu la kupitia wadukuzi likigundulika halizibwi. Mafaili ya docx, yaliyokuja na toleo la 2007, haiyafungui bila programu ya nyongeza, na nyongeza hiyo Microsoft ilishaiondoa. Mteja aliyetumiwa CV yake kwa WhatsApp anaambiwa ajaribu duka la pili.

Ila kijana huyo hajakaa akaona kazi yenyewe. Office 2003 ilihitaji RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 128. Microsoft 365, mrithi wake wa leo, inahitaji GB 4. Ni mara 32, na barua ya kuomba kazi ni ileile: anwani kulia, YAH katikati, saini chini. Sijui hizo mara 31 zilizoongezeka zinamfaa nini mtu wa barua. Kompyuta ni ya mtumba, foleni iko dirishani, na malipo ya programu kila mwaka yatoke kwenye hela ya kopi. (Wengi hawalipi, sote tunajua. Hilo lina siku yake.)

Hoja nzito zaidi iko kwenye mitihani. Kwa miaka mingi, namba za sehemu na vipeuo kwenye mitihani ya hesabu vilichapwa kwa Equation Editor, kiprogramu kilichokuwa ndani ya Word. Novemba 2017 ikatangazwa kwamba kina tundu: ukifungua faili lililotegwa, mdukuzi anaweza kuendesha mambo yake kwenye kompyuta yako. Januari 2018 Microsoft ikaking'oa kwenye matoleo iliyokuwa bado inayahudumia. Sasa chukua mtihani uliochapwa 2010, ufungue kwenye Word mpya. Swali la kipeuo linaonekana. Libofye mara mbili ili 3 iwe 5, haliguswi. Matoleo ya karibuni zaidi yanakubali kuigeuza milinganyo hiyo iwe ya mtindo mpya, lakini mwalimu mwenye mitihani ya miaka kumi kwenye flashi, na mtihani ni kesho, hana muda wa kugeuza chochote. Kwenye Word 2003 mchapaji anabadili namba, anaprinti, mwalimu anawahi bodaboda.

Hatari nayo imekaa hapohapo, sikatai. Kiprogramu kinachomfaa mwalimu ndicho chenye tundu, na steshenari ni mahali ambapo flashi za mji mzima zinapita. Ndiyo maana mwenye mashine mbili ningemshauri ya zamani aiondoe kwenye intaneti, ibaki na mafaili ya dukani na ya walimu anaowafahamu. Flashi ya mgeni na docx viende kwenye ya pili, hata ikiwa na LibreOffice tu, ambayo ni ya bure na inasoma doc na docx, japo majedwali huyumba kidogo.

Mwenye mashine moja ndiye mwenye mtihani. Huyo aweke LibreOffice pembeni ya Word 2003, mafaili ya wageni ayafungulie humo, na mitihani ya zamani awe na nakala zake kwenye flashi ambayo haichomekwi kwa mtu mwingine.