Donge la Damu Mapafuni: CT Skani Inapoona Kupita Kiasi

Kwenye picha nzuri ya CT skani, donge la damu mapafuni halina ubishi. Dawa ya rangi iliyochomwa mkononi huung'arisha mshipa ukawa mweupe kama chaki, na katikati ya weupe huo panabaki doa la kijivu. Picha hiyohiyo ikionyesha chumba cha kulia cha moyo kimetanuka kupita cha kushoto, daktari anajua moyo umeelemewa, na mgonjwa huyu harudishwi nyumbani leo. Ndiyo maana wapo wanaosema kila anayeshukiwa apigwe picha. Nawaelewa, kwani donge kubwa linaweza kuua ndani ya saa chache.

Lakini tutazame yaliyotokea Marekani. Mwaka 1998 CT ilianza kuenea katika kupima ugonjwa huu. Kufikia 2006, waliogundulika walikuwa wamepanda kutoka 62 hadi 112 kwa kila watu 100,000, ilhali vifo vya ugonjwa huu katika jamii vilipungua kwa asilimia 3 tu. Madhara ya dawa za kuzuia damu kuganda, hasa kuvuja damu, yaliongezeka. Kwangu mimi, hesabu hiyo inasema wengi wa wagonjwa wapya walikuwa na madonge madogo ambayo huenda yasingewadhuru.

Madonge hayo hukaa kwenye vijitawi vya mwisho vya mshipa. Mgonjwa akipumua tu wakati wa kupigwa picha, kivuli kinaweza kufanana nayo, na wataalamu wawili wakasoma picha moja wakatofautiana. Halafu mtu anaanzishiwa dawa za miezi mitatu au zaidi.

Sina ugomvi na mashine, ila na fomu ya kuombea kipimo inayojazwa kabla mgonjwa hajaulizwa vizuri. Kama dalili zinaonyesha uwezekano mdogo na kipimo cha damu cha D-dima (mabaki ya donge linapoyeyuka) kiko chini ya nanogramu 500 kwa mililita, CT haihitajiki. Aliyevuka miaka 50, zidisha umri wake kwa 10: wa miaka 70 kikomo chake ni 700. Ambaye presha imeshuka na hawezi kusogezwa, apimwe moyo kwa ultrasaundi palepale kitandani.

Na ripoti ikirudi na donge moja dogo, miguu ipimwe kwa ultrasaundi kwanza. Ikiwa haina donge, na mgonjwa hana saratani wala hatari nyingine kubwa, aambiwe waziwazi kwamba kufuatiliwa kwa karibu bila dawa nako ni njia halali.