Msimu wa shule ni wa mtoto, klabu na isubiri

Mama alipiga simu ya video Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Huku Columbus, Ohio, ilikuwa saa sita mchana. Kwao Tanga saa moja jioni, ndiyo kwanza katoka kuswali Magharibi. Mimi nilikuwa naendesha gari, kwa hiyo simu akaipokea binti yangu kiti cha nyuma.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mbona uko hivyo?”

Mguu mmoja ulikuwa bado na kiatu cha kukimbilia, kile chenye miiba midogo mbele. Mwingine keshavuta soksi ndefu juu ya kikinga ugoko. Njumu ziko mapajani, na mdomoni kuna kipande cha chapati. Alikuwa ametoka kukimbia mita 800 kwa ajili ya shule, na saa nane tulitakiwa tuwe upande wa pili wa mji kwenye mechi ya klabu. Mama akamtazama kwa muda, kisha akamwambia anigeuzie mimi simu. “Huyu mtoto mmemwajiri?”

Swali lile halijanitoka. Nimeona niliandike, maana Waswahili wengi tulioko huku tuna watoto wanaocheza, na kila tukikutana kwenye harusi au msibani mazungumzo ni haya haya: shule au klabu? Na huko nyumbani nasikia wazazi wa mjini nao wameanza kulipia akademi, wakidhani ndiyo njia ya Ulaya na Marekani. Kabla hamjalipa, nisikilizeni.

Kwa wasioujua mfumo wa huku: michezo ya shule za sekondari Marekani ni jambo kubwa kuliko nilivyowahi kufikiria. Ushiriki wa wanafunzi huzidi milioni 8 kila mwaka, anayecheza michezo miwili akihesabiwa mara mbili. Mwaka umegawanywa misimu mitatu. Kwetu Ohio, soka ya shule huanza mazoezi mwezi wa nane kabla hata madarasa hayajafunguliwa, ikaisha mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Baridi ikiingia ni kikapu na mieleka. Machipuko ni riadha. Mtoto akitaka anaweza kucheza mchezo tofauti kila msimu, na wasichana wana timu zao kama wavulana, jambo ambalo sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ndiyo iliyolisukuma.

Pembeni ya hayo kuna klabu. Klabu hii si Simba wala Yanga. Ni timu ya watoto ambayo mzazi analipia, yenye kocha wa kuajiriwa, majaribio kila mwaka, jezi za kununua na safari za kwenda majimbo mengine. Nayo haina msimu, ni mwaka mzima. Ohio wameweka kanuni kwamba mtoto akishakuwa kwenye timu ya shule, msimu ule wa shule hachezi mchezo huohuo na klabu. Kwa hiyo soka na soka hazigongani. Zinazogongana ni riadha ya shule na soka ya klabu, machipuko, kwa sababu mchezo ukiwa tofauti kanuni haikatazi. Na kanuni isipokataza, mzigo wote unamwangukia mtoto.

Mwaka jana wiki yetu ilikuwa hivi. Jumatatu mpaka Ijumaa riadha baada ya masomo. Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akitoka uwanja wa shule saa kumi na moja na nusu, anaingia kwenye gari, anakula wali kwenye kopo, saa moja kasoro yuko kwenye mazoezi ya klabu mpaka saa mbili na nusu usiku. Nyumbani saa tatu. Kuoga, halafu hesabu na kemia. Nilikuwa namkuta kalalia daftari taa inawaka. Ana miaka kumi na tano.

Nami nililelewa kwenye mazingira ambayo hili lisingewezekana. Sisemi kwetu kulikuwa bora, maana si kweli. Nilicheza mpira wa pete, nikiwa kidato cha tatu nikafika kwenye timu ya mkoa kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari. Tulisafiri nyuma ya lori na magodoro yetu, tukalala madarasani, tukala wali maharage siku saba mfululizo. Nilipoteguka kifundo cha mguu, tiba ilikuwa maji ya moto yenye chumvi na kipande cha kanga cha kufungia. Huku shule ya binti yangu ina mtaalamu wa majeraha anayesimama pembeni ya uwanja kila mechi. Mtoto akigonga kichwa hatolewi tu akarudishwa, anapimwa. Kifundo changu kinaniuma mpaka leo kila baridi inapokaza, kwa hiyo sitaki mtu aje kuniambia habari za zamani dhahabu.

Na kuna hili la masomo. Kwetu mtoto anayecheza alionekana kakimbia daftari. Baba aliposikia nimechaguliwa mkoa aliuliza kwanza, “Na mtihani?” Mwaka uliofuata alinikataza kabisa, na mwalimu wa michezo hakuwa na la kumwambia. Ohio mambo ni kinyume: mtoto asipofaulu masomo matano katika kipindi kilichopita, hachezi. Yaani daftari ndilo tiketi ya uwanjani. Laiti baba angeambiwa hivyo wakati ule.

Lakini tulikuwa na kitu kimoja ambacho sasa ndiyo nakithamini. Timu ilikuwa ya shule, na shule ilikuwa yetu. Hakuna aliyelipa kuingia. Mtoto wa bwana afya na mtoto wa muuza dagaa walivaa jezi zilezile zilizofubaa, na msimu ukiisha, umeisha. Tulirudi nyumbani kuchota maji na kusoma.

Usidhani nyumbani hakukuwa na vuta nikuvute. Kaka yangu alikuwa winga wa shule, na Jumapili anachezea timu ya mtaa kwenye ndondo, mchangani, kwa nauli na soda. Mwalimu alimkataza. Alikuwa anatoroka, Jumatatu anakuja anachechemea, anakula fimbo. Timu za shule nazo zilikuwa na mamluki wao, mijitu yenye ndevu iliyovalishwa sare wiki moja kabla ya mashindano. Kwa hiyo kugombaniwa kwa mtoto mwenye kipaji si ugonjwa wa Marekani peke yake. Tofauti ni kwamba kule aliyekuwa anavuta upande wa pili alikuwa na soda mkononi, huku ana mkataba ambao mimi mzazi nimeutia saini.

Ada ya klabu yetu ilikuwa dola 2,400 kwa mwaka, na hiyo ni kabla ya hoteli, mafuta na jezi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Dola 2,400 najua ni zamu ngapi. Na hapa ndipo nilipokosea, nakiri: kwa kuwa nimelipa, nikaanza kuzidai zile saa kutoka kwa mtoto. Akisema amechoka, mimi nasikia hela inapotea. Nilikuwa nasema “twende” kabla hajamaliza sentensi.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Binti yake ni beki, ana nguvu na ana akili ya mpira, pengine kuliko wangu. Hajawahi kucheza klabu kwa sababu hela haipo. Siku moja mama yake alinivuta pembeni ya uwanja wa shule, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: “Dada, hiyo klabu, mutoto akikosa, shule watamufukuza?” Alikuwa ameishi na hofu hiyo msimu mzima. Nilimwambia hapana, timu ya shule ni haki yake kama mwingine yeyote atakayefaulu majaribio. Alishika mikono yangu yote miwili. Nilirudi kwenye gari nikakaa kimya. Huyo mtoto na wangu wanakutana sehemu moja tu, kwenye timu ya shule. Tukiiacha hiyo ikadhoofika, tukawaachia wenye hela wakacheze kwao, binti yule anabaki na nini?

Kwa miaka kadhaa wakubwa wa soka huku walitaka hivyo hasa. Mwaka 2012 akademi za shirikisho la soka la Marekani ziliongezewa msimu ukawa wa miezi kumi, na wavulana wa akademi wakakatazwa kuchezea shule, isipokuwa wachache waliopewa kibali. Mwaka 2017 wakaanzisha ya wasichana kwa masharti yaleyale. Mwaka 2020 mpango wote ukafungwa. Lakini fikra ile haikufungwa. Bado utamkuta kocha wa klabu anamwambia mtoto wa miaka kumi na minne kwamba soka ya shule inamharibu.

Haki yao niwape. Binti yangu alijifunza kupokea mpira na kugeuka kwa mguu wa kushoto klabuni, si shuleni. Kocha wake wa shule ni mwalimu wa historia, mwenye moyo kuliko mbinu. Na ni kweli kwamba makocha wa vyuo wanakwenda kwenye mashindano makubwa ya klabu; nimewaona, wamekaa kwenye viti vya kukunja na madaftari yao. Mzazi anayetaka mtoto apate ufadhili wa chuo ana sababu ya kwenda huko. Ila ajue hesabu. NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, hueleza kuwa wanamichezo wa sekondari wanaopata ufadhili wa michezo ni kama asilimia 2. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, havikatazwi kutoa wa masomo. Pale ninapomweka mtoto kwenye gari saa tatu ya usiku badala ya kumlaza, naiba kwenye fungu la masomo kulisha fungu la asilimia 2.

Kilichonizindua ni mguu. Mwezi wa tano alianza kulalamika maumivu ya ugoko, akiamka anateremka ngazi upande upande, ameshika ukuta. Alinificha wiki mbili. Daktari aliuliza swali moja: ni lini mara ya mwisho amekaa siku mbili bila mazoezi? Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Akatueleza wanachoshauri madaktari wa watoto wa Marekani: siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na miezi kama mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake, hata ikigawanywa mwezi mmoja mmoja. Miezi mitatu! Mimi nilikuwa simpi hata Jumapili tatu.

Nilimwandikia kocha wa klabu kwamba mtoto anapumzika, na kwamba machipuko yajayo atakuwa na riadha ya shule tu. Alijibu kwa heshima, lakini akaongeza kuwa ada hairudishwi na nafasi haiwezi kushikwa. Kocha wa riadha nilimwambia uso kwa uso. Yeye aliuliza analala saa ngapi.

Najua wapo watakaoniambia nimemkatia mtoto ndoto. Nimemuuliza mwenyewe, jikoni, simu zote zimewekwa mbali. Alichosema ni kwamba klabuni anaogopa kukosea kwa sababu anajua nimelipa. Shuleni anakosea, anacheka, anakimbia kurudi kukaba. Sikuwahi kumtuma abebe deni langu, lakini alikuwa amelibeba.

Kwa wenzangu mlioko nyumbani neno langu ni fupi. Nchi yetu imeshaonyesha kwamba shule inaweza kuwa chimbuko lenyewe. Sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, chini ya mkuu wake Kanali Kipingu, ilitoa wachezaji wakati wengine hawajui akademi ni kitu gani, na Alliance ya Mwanza, timu iliyoanzia shuleni, ilipanda mpaka Ligi Kuu mwaka 2018. Mkiwa na hela ya kuweka kwenye michezo ya mtoto, wekeni nusu kwenye shule yake: mipira, nyavu, mtu anayejua kufunga kifundo kilichoteguka. Mwalimu wa michezo apewe semina na posho yake ifike. Halafu klabu ije baadaye, mtoto akishafika miaka ya kuchagua mwenyewe.

Nafasi ya binti yangu kwenye kikosi cha kwanza cha klabu amepewa mwingine. Alilia siku moja, sifichi, na mimi nililia bafuni. Tangu hapo Jumamosi analala mpaka saa nne. Mama akipiga simu anamkuta yuko jikoni anasonga ugali wake wa ajabu wenye mabonge, anamfundisha kwa mbali namna ya kuugeuza. Mwezi wa nane anaanza tena na shule, yeye na yule beki wa Nyarugusu. Nimeshaomba zamu ya kuuza maji na bisi kwenye kibanda cha uwanjani.