Bahari Kila Upande, Ndoo Haina Maji

Jamani, nipisheni nilalamike kidogo. Ukimwambia mtu wa Temeke unakwenda kujitolea visiwa vya Karibi, tayari amekuona ufukweni, miwani usoni, dafu mkononi. Hakuna anayekuona juu ya paa kule Carriacou saa sita mchana, bati linaunguza makalio, nawe unahesabu skrubu.

Carriacou ni kisiwa cha nchi ya Grenada, kilomita za mraba 34 tu, na mto hakina. Maji ya nyumbani yanatoka mbinguni, yanapita kwenye bati, yanaingia kwenye gata, yanashuka kwenye tangi jeusi au kisima cha saruji. Paa likiondoka, maji nayo yameondoka. Kimbunga Beryl kilipotua hapo tarehe 1 Julai 2024 kiling'oa mapaa karibu kisiwa kizima, kwa hiyo watu walikosa kivuli na maji kwa mkupuo mmoja, tena mwanzoni mwa masika yao.

Sasa anakuja wa kujitolea na nyundo yake na kilo mbili za misumari. Ndugu yangu, rudisha hiyo misumari. Upepo wa kimbunga hausukumi paa chini, unalifyonza kwenda juu, na msumari unachomoka ulivyoingia. Zinatakiwa skrubu zenye zinki na washa za mpira. Ukingoni, kwenye kilele na kwenye pembe unafunga kila mgongo wa bati. Katikati unaweza kufunga mgongo mmoja ukaruka mmoja. Ukikaza mno, mpira unapasuka na paa linavuja. Ukilegeza, linavuja vilevile. Ukifunga mshazari, linavuja halafu fundi anakutazama bila kusema neno, na hilo ndilo linalouma kuliko yote.

Bati unaanza kulitandika upande wa magharibi. Huku upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo mapindio, pale bati moja linapolalia jingine, yanatakiwa yaupe mgongo. Ukianza mashariki umeufungulia mlango. Kila mbao ya kenchi inafungwa kwenye boriti ya ukutani kwa kibano cha chuma, kila moja, hata ile ya kona ambayo mkono haufiki. Paa la pande nne lenye mwinamo wa nyuzi 25 au zaidi linahimili kuliko la pande mbili. Na kibaraza kiwe na paa lake peke yake, kikitaka kwenda na upepo kisiburute nyumba nzima. Mnaotaka kutuma msaada, nguo tunazo. Tumeni skrubu.

Umemaliza paa, unasubiri mvua. Hesabu yake haina siri: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 10, ni lita 600. Toa moja ya tano ya yanayoruka na kuvuja, unabaki na 480. Unajiona tajiri, mpaka ukumbuke kwamba choo cha kuvuta kinameza lita 6 kila ukikivuta, cha zamani 9 na zaidi, na kiangazi ni Januari mpaka Mei. Hapo utajifunza kuoga kwa bakuli.

Tena mvua ya kwanza baada ya ukame huruhusiwi kuigusa. Milimita ya mwanzo, yaani lita 60 kwa paa hilo, unaigeuzia nje maana imebeba mavi ya ndege, majani na vumbi la Sahara. Ndiyo, Sahara! Linavuka Atlantiki kwa muda wa kama wiki moja na kutua kwenye gata lako. Wewe uliyetoka Dar au Mombasa hukupata ndege ya moja kwa moja, na kama ulipitia Marekani ulidaiwa viza ya kupita hata kama hukutia mguu nje ya uwanja. Vumbi la bara lako limepita hivihivi, halikuulizwa hata jina la baba.

Maji ya kunywa yachemshe. Kama gesi imeisha, tia jiki isiyo na manukato, ya asilimia 6, matone 8 kwa kila lita 4 za maji yasiyo na tope, subiri nusu saa. Mdomo wa tangi uwekee wavu, kwa sababu mbu wa dengue anapenda maji safi kuliko wewe. Na pipa usilimwage tu ukadhani umemaliza: mayai yanaganda ukutani na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa. Sugua kwa brashi.

Mengine ni madogo. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziache kwenu, kuzivaa ni kosa la jinai. Ukiingia dukani au kwenye basi bila salamu, umejitangaza huna malezi. Basi lenyewe ni Hiace ileile ya nyumbani, ila kushuka unagonga bodi. Ukisikia bei ya dola, uliza dola ipi, maana ya Marekani moja ni 2.70 za kwao tangu 1976. Mti wa mancinili wa ufukweni, wenye vitunda kama tufaha dogo, usijikinge mvua chini yake: utomvu unababua ngozi. Na kama ulidhani umeukimbia ugali, kwenye shughuli za kisiwa unga wa mahindi unasongwa, unaviringishwa, unaletwa na mbaazi. Hapo sina malalamiko.

Malalamiko ninayo kwa mjomba. Dar ikiwa saa tatu asubuhi, huku ni saa nane usiku, na yeye saa tatu ndipo anapomaliza chai na kukumbuka jamaa zake. "Vipi huko, mnaogelea?" Mjomba, nikiogelea, nitaisuuza wapi hiyo chumvi? Siku hizi naiacha simu yake iniamshe nisikilize kama mvua imeanza, maana lazima mtu aamke ageuze bomba la gata.