Mamba na Kiboko wa Somerset

Dowlish Wake ni kijiji kidogo cha Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza: nyumba za mawe, kidaraja cha kale cha kupitishia wanyama wa mizigo, na kinu cha pombe ya tufaha. Mtu wa Mwanza au Jinja angekipita bila kugeuza shingo, kama si kanisa la Mtakatifu Andrea. Hapo ndipo alipozikwa John Hanning Speke, yule ambaye darasani tulifundishwa kwamba "alivumbua" Ziwa Victoria.

Je, kijiji kimwonee fahari? Wanaomtetea hawakosi hoja. Agosti 1858 alifika ncha ya kusini ya ziwa, akatangaza kwamba Nile inatoka humo. Ushahidi hakuwa nao, na Richard Burton, mkuu wa msafara aliyebaki Kazeh, yaani Tabora ya leo, hakumkubalia. Speke akarudi, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama Jinja penye maporomoko, mto ukitoka mbele ya macho yake. Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa, na Speke akaonekana alisema kweli. Mwenyewe hakuwahi kulisikia hilo. Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Burton mbele ya wanazuoni mjini Bath, alikuwa mawindoni, akipanda ukuta mfupi wa mawe. Bunduki yake ikafyatuka na kumpiga kifuani. Uchunguzi ulisema ni ajali. Alikuwa na miaka 37.

Ujasiri huo siubezi. Ninalolikataa ni neno "kuvumbua". Habari za ziwa hilo walizipata palepale Kazeh kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, aliyewaambia ni kubwa kuliko Tanganyika. Na safarini Speke alitegemea ulimi wa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akafikishwa India. Wawili hao walielewana kwa Kihindi cha kubabaisha, kisha Bombay akageukia Kiswahili na wenyeji.

Kuna jambo zito zaidi. Katika kitabu chake cha 1863 Speke alidai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa kizazi cha wageni wa Kihamu, yaani wanaodhaniwa wazao wa Hamu mwana wa Nuhu, kutoka Ethiopia. Wakoloni waliidaka nadharia hiyo wakaipandikiza Rwanda kati ya Watutsi na Wahutu. Kumbebesha Speke damu ya 1994 ni kumwonea, lakini kuinyamazia mbegu hiyo pia si haki.

Wanakijiji wanaweza kujibu: kaburi ni kaburi, si darasa. Ningewakubalia, lau kumbukumbu za Speke zingeishia kwenye jina na tarehe. Lakini baada ya kifo chake ukoo uliruhusiwa kuongeza mamba na kiboko kwenye nembo yake, kwa heshima ya Nile. Penye nafasi ya kiboko, mstari mmoja wa kumtaja Bombay ungeenea.